Pini za briji zinazolegea: nunua rima kwanza, pini baadaye

Mtu akiona pini za gitaa lake zinacheza, jambo la kwanza analofanya ni kuagiza seti mpya: za mfupa, za mpingo, za brasi au zile nyeupe za TUSQ (malighafi ya kutengenezwa). Zikifika, tatu zinatumbukia hadi kichwani, tatu zinagoma nusu ya njia, na hela imeshatoka. Hapa nazipitia bidhaa hizo moja moja, pamoja na kifaa ambacho wauzaji wa pini hawakitaji sana: rima ya kupanulia matundu ya briji, yaani kile kipande cha mbao juu ya uso wa gitaa ambamo pini hushikilia nyuzi. Hukumu yangu naiweka mapema. Kwa gitaa ambalo pini zimelegea, rima ndiyo ununuzi wa maana. Pini yoyote imara inayolingana nayo itafanya kazi, na pini ya bei mbaya isiyolingana na tundu ni pambo tu.

Sababu iko kwenye kazi yenyewe ya pini. Seti ya nyuzi za chuma ya 012 hadi 053 (unene wa inchi 0.012 hadi 0.053), ikishakazwa kwenye sauti ya kawaida, huvuta kwa takriban kilo 74 kwa jumla. Pini haibebi mzigo huo. Kinachoubeba ni kigololi kilichofungwa mwishoni mwa uzi, ambacho hujibana chini ya kibao cha ndani, yaani kile kipande chembamba cha mbao ngumu kilichogandishwa upande wa chini wa uso wa gitaa, chini ya briji. Pini ni kabari: inakisukuma kigololi kando ili kisipate njia ya kurudi tunduni. Ikiwa kigololi kimekaa vizuri kwenye kibao, pini hutulia hata kama si ya kubana sana. Ikiwa hakijakaa vizuri, hata pini ya dhahabu itaruka.

Kwa hiyo pini inayocheza kidogo wakati hakuna uzi, lakini ikatulia kabisa uzi ukikazwa, iache. Haina ugonjwa.

Aina za kulegea, na namna ya kuzitofautisha

Pini inayopanda taratibu kadiri unavyokaza uzi kwa kawaida haina shida ya tundu. Kigololi kimenasa chini ya ncha ya pini badala ya kukaa pembeni yake, na uzi unapovutwa unaisukuma pini juu. Tiba yake haigharimu kitu. Kunja kidogo sentimita moja ya mwisho ya uzi, karibu na kigololi, ielekee upande wa tundu la sauti. Ingiza kigololi tunduni sentimita mbili hadi tatu, kisha pini, mfereji wake (ule mchirizi wa ubavuni unaopitisha uzi) ukitazama shingo ya gitaa. Huku umeikandamiza pini kwa dole gumba, vuta uzi juu kwa mkono mwingine mpaka usikie au uhisi kigololi kikigota kwenye kibao. Hapo ndipo unapoanza kukaza. Ukitaka uhakika, ingiza simu au kioo kidogo kupitia tundu la sauti, uwashe taa na utazame: kigololi kinatakiwa kiguse kibao bapa, ubavu wake ukiegemea pini. Kikining'inia kwenye ncha, rudia. Magitaa mengi yanayopelekwa kwa fundi kwa ajili ya pini yangepona hapa, kabla ya kununua chochote.

Pini inayolala kuelekea kwenye tundu la sauti, kichwa kikiinama mbele, ina habari nyingine. Ukingo wa mbele wa tundu umekwisha na tundu limekuwa na umbo la yai. Mara nyingi hili hutokana na pini laini iliyotumika miaka mingi ikiwa imelegea. Kila uzi unapokazwa, pini inasogea kidogo na kuusaga ukingo.

Pini inayotumbukia mpaka kola yake (ule ukingo chini ya kichwa) ikagusa briji kabla haijabana ni nyembamba kuliko tundu. Hapa kweli unahitaji pini nene au tundu jipya.

Aina ya mwisho ndiyo inayowachanganya watu: pini imeshika, lakini ukiigusa kichwani inatikisika, au kichwa kimebana na ncha inaelea. Hapo mchongoko wa pini, yaani kiasi inavyopungua unene kuelekea nchani, na mchongoko wa tundu havilingani. Ili kujua, paka chaki mwili mzima wa pini, iingize bila uzi, izungushe mara moja, itoe. Chaki ikifutika chini ya kola tu, pini imechongoka zaidi ya tundu. Ikifutika karibu na ncha tu, tundu limechongoka zaidi ya pini. Ikifutika mstari mzima, vinalingana, na tatizo lako ni unene.

Vipimo viwili vinavyoamua kila kitu

Pini zinazouzwa kwa wingi zina michongoko miwili, digrii 3 na digrii 5. Wauzaji wengi hawaandiki ni ipi, ila ukiwa na venia, kile kipimo cha unene, utajua kwa nusu dakika. Pima unene wa pini mara tu chini ya kola, halafu pima tena milimita 10 chini yake. Tofauti ikikaribia milimita 0.87, hiyo ni digrii 5. Ikikaribia 0.52, ni digrii 3. Usipime kwenye mfereji, maana venia itazama na kukupa namba ya uongo.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini fuatilia inavyofanya kazi ndani ya gitaa. Briji ina unene wa milimita 9 hivi, uso wa gitaa milimita 3, kibao cha ndani milimita 2 na nusu. Pini inapita kwenye mbao yenye kina cha karibu milimita 15. Katika kina hicho, mchongoko wa digrii 5 hupungua unene kwa milimita 1.3, na wa digrii 3 kwa milimita 0.8. Ukiingiza pini ya digrii 5 kwenye tundu la digrii 3, inabana juu kabisa, na huku chini kwenye kibao, mahali ambapo kigololi kinahitaji kusukumwa, panabaki uwazi wa nusu milimita. Uwazi huo unatosha kigololi kupanda nusu na kuanza kuila mbao. Pini imebana kwa juu, mwenye gitaa anaona yuko salama, kumbe kibao kinaliwa.

Hesabu nyingine ya kukumbuka: kwenye tundu la digrii 5, pini iliyo nene zaidi kwa milimita 0.1 itasimama juu kwa milimita 1.1 zaidi. Kwenye digrii 3 itasimama karibu milimita 2. Ndiyo maana seti mpya ya “ukubwa wa kawaida” inaweza kuchomoza kama vifungo vya koti kwenye gitaa moja na kuzama kwenye jingine. Watengenezaji wanapishana kwa zaidi ya hiyo sehemu ya kumi ya milimita. Unene chini ya kola kwa pini zilizopo sokoni huangukia kati ya milimita 5.0 na 5.7.

Rima

Rima ya briji ni kipande cha chuma kilichochongoka, chenye makali ya kukata pembeni na mpini wa umbo la T. StewMac, duka la vifaa vya mafundi wa magitaa la Athens, Ohio, huuza ya digrii 3 na ya digrii 5, na hizo ndizo kipimo cha ubora. Zinakata kwa usafi, zinaacha ukuta laini, na mchongoko wake ni ule ulioandikwa. Zipo pia za bei ya chini kutoka viwanda vya China zinazouzwa mtandaoni bila jina. Nyingine zinakata vizuri. Tatizo lake ni kwamba mchongoko haujaandikwa, au umeandikwa na si kweli. Ipime kama ulivyopima pini, kwenye migongo ya makali. Ikiwa si digrii 3 wala 5, usiilazimishe, kwa sababu utatengeneza tundu ambalo hakuna pini duniani itakayolingana nalo.

Epuka mbadala mbili ambazo hutolewa kwa nia njema. Ya kwanza ni rima ya vigingi vya fidla. Mchongoko wake wa kawaida ni 1 kwa 30 (unene unapungua milimita 1 kwa kila milimita 30 za urefu), chini kidogo ya digrii 2. Ya pili ni rima ya pini za mashine ambayo fundi wa karakana ya vyuma anayo kabatini, ya 1 kwa 50. Zote zinatoa tundu lililonyooka mno. Kama una fundi mzuri wa kukereza na unataka akutengenezee rima, mpe uwiano huu: 1 kwa 19 kwa digrii 3, au 1 kwa 11.5 kwa digrii 5.

Namna ya kuitumia. Legeza nyuzi zote taratibu, usizikate zikiwa zimekazwa. Toa pini. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka matundu ili mpini usikwaruze briji. Ingiza rima, isimame wima kwa kuitazama kutoka pande mbili, zungusha upande wa saa tu. Ukizungusha kinyume unabutua makali na kuchana nyuzinyuzi za mbao. Mizunguko miwili myepesi, toa, futa unga, jaribu pini. Kumbuka kwamba kila milimita moja ambayo rima ya digrii 5 inazidi kushuka, tundu linapanuka kwa milimita 0.087. Huna nafasi ya kukimbia hapa. Pini iko sawa pale ambapo, ikiingizwa bila nguvu, kola inabaki juu ya briji kwa nusu milimita hadi milimita moja, na kwa kusukuma kwa dole gumba inashuka hadi kugusa. Tundu likifika hapo, zungushia rima kipande cha tepu mahali ilipoishia kushuka. Hiyo ndiyo alama ya kina kwa matundu matano yaliyobaki, ila bado ujaribu kila moja na pini yake, maana pini za seti moja hupishana.

Usigonge pini kwa nyundo kamwe. Nyuzinyuzi za mbao ya briji zinakimbia upande uleule wa mstari wa pini, na pini sita zilizogongwa ni kabari sita kwenye mstari mmoja. Ufa unaotoka tundu hadi tundu ndio mwisho wa briji nyingi.

Tundu likiwa limeshapanuka

Rima inapanua tu, haipunguzi. Tundu kubwa au lenye umbo la yai linahitaji kujazwa kwanza, na hapo kuna viwango viwili.

Kwa tundu lililozidi kwa sehemu chache za kumi za milimita, supa gluu nyepesi na unga wa mbao inatosha, na inadumu. Pata unga kwa kusugua msasa namba 150 kwenye kipande cha mbao inayofanana na briji. Funika uso wa gitaa kwa nailoni na tepu, kwa sababu tone moja la supa gluu linaharibu vanishi. Kwa kijiti cha kuchokolea meno, paka ukuta wa tundu safu nyembamba, nyunyiza unga, subiri ikauke, rudia mara mbili au tatu, ukiongeza zaidi upande wa mbele ulioliwa. Fungua madirisha, moshi wake unachoma macho. Usimwage gundi tunduni kutoka juu: inatiririka ndani, inagandisha unga na takataka kwenye kibao, na kigololi hakitapata tena mahali bapa pa kukaa. Ikishakauka kabisa, pitisha rima. Bila rima, kazi hii haina maana, kwa sababu ukuta wa gundi hauna umbo.

Tundu lililoharibika sana linazibwa kwa kuziba hasa. Toboa kwa biti ya milimita 7, gandisha kizibo cha mbao ya aina ile ile, subiri saa 24, toboa tena katikati kwa biti iliyo nyembamba kuliko pini, kisha rima. Angalia mambo mawili. Kizibo kikatwe ubavuni mwa mbao ili nyuzinyuzi zake zilale sambamba na za briji. Kijiti cha mviringo cha kununua dukani kina nyuzinyuzi zilizosimama wima, rima inakichana na mdomo wa tundu unakuwa wa manyoya. Pili, umbali kati ya pini na pini ni takriban milimita 11. Biti ya milimita 7 inabakiza 4 za mbao nzima, na biti ya 8 inabakiza 3. Usiende zaidi ya hapo. Ukiwa huna drili ya kusimama, kazi hii mwachie fundi.

Je, kuzungushia pini karatasi au tepu nyeupe ya mafundi bomba? Kwa kumaliza onyesho la usiku huo, karatasi moja nyembamba ni sawa. Tepu ya bomba siipendekezi hata kwa usiku mmoja. Inateleza, na kuteleza ndicho kitu usichokitaka kwenye kabari. Bora zaidi ni kupaka mwili wa pini yenyewe supa gluu, safu mbili tatu, na kuzisawazisha kwa msasa namba 400. Unene unaongezeka kidogo kidogo na briji haijaguswa, kwa hiyo ukikosea umepoteza pini moja tu.

Kibao cha ndani

Pini ikikataa kutulia baada ya yote haya, kosa liko chini. Vigololi vya miaka mingi huchimba kibao mpaka tundu linakuwa kama kreta. Utajua kwa kutazama uzi: ile sehemu nene iliyosokotwa karibu na kigololi ikianza kuonekana juu ya briji, au ikipanda hadi kwenye ule mfupa mweupe unaobeba nyuzi, kigololi kimezama ndani ya mbao.

PlateMate ni bamba jembamba la brasi lenye matundu sita, linalobandikwa chini ya kibao. Kwa gitaa la bei ya kawaida ni suluhisho zuri: vigololi vinagota kwenye chuma, kibao hakiliwi tena, na pini zinapata ukuta wa kuegemea. Linaongeza uzito kidogo na sauti huwa na ukali wa juu kidogo. Kulibandika kunahitaji mkono mwembamba na subira. Pitisha pini mbili za pembeni kutoka juu ili zikuongoze. Kwenye gitaa la thamani afadhali kibao kitiwe viraka vya mbao ngumu. StewMac wana kifaa cha kazi hiyo kinachoitwa BridgeSaver, ambacho kinakata shimo la koni kutoka ndani, pamoja na kizibo cha kulijaza, lakini bei yake inamfaa mwenye karakana, si mwenye gitaa moja.

Kuna njia ya bure inayosaidia kwa muda. Hifadhi vigololi vya nyuzi za zamani, na kila unapoweka uzi mpya pitisha kimoja cha ziada kwenye uzi, kikae juu ya kile chake. Kile cha ziada ndicho kinachogota kwenye mbao, kwa hiyo ile sehemu iliyosokotwa inashuka chini na kutoka kwenye tundu.

Sasa pini zenyewe

Plastiki. Hizi ndizo zinazokuja na magitaa mengi, na zinadharauliwa kuliko zinavyostahili. Zikilingana na tundu zinafanya kazi. Udhaifu wake ni ulaini: uzi mnene unakata mdomo wa mfereji, kigololi kinaacha kovu kwenye ncha, na baada ya kubadilisha nyuzi mara kadhaa ile kabari imekuwa na kidonda. Pitisha ukucha kwenye ncha. Ukikwama kwenye bonde, pini imekwisha. Angalia pia mstari wa mshono wa kiwandani pembeni mwa pini. Ukiachwa unafanya pini ikae upande. Usugue kwa msasa namba 400.

TUSQ. Ni malighafi ya kutengenezwa ya Graph Tech, kampuni ya Kanada. Sifa yake kubwa kwa mwenye pini zilizolegea ni usawa wa vipimo: pini ya kwanza na ya sita zinafanana kweli, kwa hiyo ukirekebisha tundu moja kwa rima yaliyobaki yanafuata bila mshangao. Ni ngumu kuliko plastiki ya kawaida na haivunjiki ovyo. Zinatolewa kwa zaidi ya umbo moja, hivyo soma vipimo vya unene kabla ya kulipa. Jina la umbo halitoshi. Kwa asiyetaka kushika msasa, hii ndiyo pini ninayoipendekeza.

Mfupa. Ni mgumu, unadumu, mfereji hauliwi. Unakatika shingoni ukiung'oa kwa koleo na kuupindisha, kwa hiyo tumia pengo la kile kifaa cha kuzungushia vigingi, na ung'oe wima. Mfupa hukerezwa mmoja mmoja na vipimo vinapishana zaidi ya TUSQ, kwa hiyo panga kila pini na tundu lake na uitie alama chini ya kichwa. Kuna seti za “mfupa” zenye bei ya kushangaza ambazo ni plastiki. Mfupa halisi una vijistari na vitundu vidogo sana ukiutazama dhidi ya mwanga, na ukisugua kwa msasa unatoa harufu ya nywele zilizoungua.

Brasi. Pini sita za plastiki au mpingo zina uzito wa gramu 3 hivi, za mfupa kama 5 au 6, na za brasi zinaweza kufika 20 na zaidi. Briji yenyewe ina gramu zipatazo 30. Kuongeza nusu ya uzito wa briji au zaidi kwa mkupuo kunabadilisha gitaa: noti zinadumu zaidi, lakini gitaa dogo linapoteza uchangamfu. Hilo ni la ladha. Lisilo la ladha ni kwamba brasi hailegei yenyewe, inalegeza mbao. Ikiwekwa kwenye tundu lisilolingana, chuma hakitaliwa, mbao ndiyo italiwa. Kwa gitaa lenye matundu mabovu ni chaguo baya kuliko yote, na linauzwa sana kama dawa.

Mpingo na mbao nyeusi nyingine. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndiyo pini ninayoipenda na kwa msomaji wa Tanzania iko karibu. Seti nyingi za “ebony” zinazouzwa duniani ni mbao za jamii ya Diospyros, hasa kutoka Afrika ya Kati. Mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ni wa jamii nyingine kabisa, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ndio mbao ambao dunia nzima inachongea klarineti na obo. Kwa pini una faida tatu. Ni mgumu kiasi kwamba kigololi hakiachi kovu kirahisi. Si mgumu kuliko mbao ya briji kwa kiasi cha kuila kama brasi. Na unasuguliwa: pini iliyozidi unene kidogo unaipunguza kwa msasa namba 320 ndani ya dakika tano, ukiizungusha kwenye drili kwa kasi ndogo.

Vipande vidogo vinavyobaki kwa wachongaji wa Kimakonde, pale Mwenge jijini Dar es Salaam kwa mfano, vinatosha kabisa. Kipande cha milimita 10 kwa 10, urefu wa 40, kinatoa pini moja. Mpe fundi wa kukereza pini moja nzuri kama sampuli, pamoja na vipimo vyako viwili vya venia, na umwambie ni digrii ngapi. Mwambie asikate mfereji. Pini isiyo na mfereji ina ukuta mzima wa kusukuma kigololi na haiwezi kugeukia upande mbaya. Lakini ukishachagua hiyo, njia ya uzi lazima ikatwe kwenye tundu lenyewe, upande wa mbele, kwa msumeno mwembamba sana, ikipita briji na kibao: pana kama uzi wake na kidogo zaidi, kina cha kuutosha uzi na si zaidi. Njia ikiwa pana mno kigololi kitapita na umerudi mwanzo.

Masharti mawili kwa mpingo. Uwe mkavu kweli. Mbao hii inakauka polepole mno, na pini iliyokerezwa kutoka kwenye kipande kibichi itasinyaa ndani ya gitaa na kulegea baada ya miezi michache. Chagua kipande kilichokaa ndani ya nyumba muda mrefu, hata kama kina kasoro za rangi. Na vaa barakoa wakati wa kusugua, kwa sababu unga wa mpingo huwasha ngozi na njia ya hewa ya baadhi ya watu. Anayetaka kuziuza nje ya nchi ajue kwamba karibu jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, na kwamba sehemu za ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2019. Vipande ambavyo havijakerezwa bado vinabanwa.

Ukiagiza seti yoyote kati ya hizi, mwandikie muuzaji akupe namba tatu: unene chini ya kola, mchongoko kwa digrii, na urefu chini ya kola. Urefu wa milimita 22 hadi 24 unatosha magitaa mengi; pini fupi isiyovuka kibao haiwezi kukisukuma kigololi hata ikibana namna gani. Kisha chagua seti yenye unene unaozidi tundu lako kwa milimita 0.1 hadi 0.2, ili rima ipate cha kukata. Mwenye gitaa la nyuzi 12 asitumie kabisa njia ya kuziba kwa biti ya milimita 7. Matundu yake yamesogeleana kwa safu mbili na mbao inayobaki katikati ni ndogo mno, kwa hiyo aishie kwenye supa gluu na unga, tundu moja kwa wakati, huku nyuzi zote 12 zikiwa zimelegezwa.